Sam Ntiro: Mchoraji aliyeibeba Kilimanjaro akilini

Wengi hujifunza rangi za mafuta kwa kunakili mandhari za Wafaransa kama Claude Monet. Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alifuata njia tofauti. Chuoni Makerere, mwalimu wake Margaret Trowell aliwasimulia wanafunzi matukio, nao wakachora walichokiona akilini.

Miaka ya 1950 alisomea Slade, London, lakini hakuyaacha ya kwao. Aliendelea kuchora kwa kumbukumbu migomba na kazi za Wachagga. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York.

Ntiro, aliyewahi pia kuwa balozi mjini London, alifariki mwaka 1993.