Daudi Kabaka: Angerudi Wapi?

Wewe unayebishana kwenye mathree ya Riruta eti bendi za kitambo zirudie mapigo yao ya asili, hebu mfikirie Daudi Kabaka. Alizaliwa Uganda 1939, akavumia Nairobi miaka ya sitini na Equator Sound, pamoja na Fadhili William na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Mapigo yenyewe? Twisti ya Marekani, ikachanganywa na kwela ya Afrika Kusini! 1968 Waingereza, The Tremeloes, wakaurekodi upya wimbo wake Helule Helule, ukapanda chati kwao. Baadaye rumba na benga zikateka mji, lakini jina la mfalme wa twisti lilimganda hadi alipofariki 2001. Sasa huyo, ungemwambia arudi wapi?