Humboldt: kutoka mu mina mpaka kupima joto la dunia

Watu wanamujua Alexander von Humboldt juu ya safari zake na milima aliyopanda. Sisi wafanyakazi wa mina tunamukumbuka kwanza juu ya kazi ya chini ya udongo. Alizaliwa Berlin mwaka 1769, mutoto wa tajiri. Mu 1791 aliingia masomo ya mina ku Freiberg, na asubuhi alikuwa anashuka mu shimo. Kisha serikali ya Prussia ikamutuma kusimamia mina. Ku Steben, mu 1793, alifungua masomo ya bure ya wachimbaji, akalipa kwa makuta yake mwenyewe. Tena akatengeneza taa ya kuwaka mahali penye hewa mubaya. Hakutuma mutu mwingine kujaribu ile taa. Alishuka yeye mwenyewe, akazimia, wakamuvuta inje. Wakubwa wa namna hii, tunawajua wangapi?

Mu 1799 alivuka bahari kwenda Amerika, akazunguka kule miaka 5. Ku Mexico aliingia mina za feza za Guanajuato, akaona watu wanapandisha mawe ku mugongo, zaidi ya kilo 100.

Kazi yenye ingali na sisi mpaka leo ilitoka mu 1817. Alikusanya vipimo vya joto vya makumi ya mahali, Ulaya, Amerika na Asia. Kila mahali alitafuta wastani wa mwaka muzima, maana siku moja ya baridi haionyeshe kitu. Halafu akachora mistari yenye kuunganisha mahali penye joto sawa. Mistari ikapinda! Ulaya ya magaribi ilionekana na joto kupita mashariki ya Amerika, hata kama zote ziko mbali sawa na ekweta. Katikati ya vituo hakukuwa kipimo. Mustari ulijaza pengo kwa kukadirisha. Njo vile wajiolojia wanapiga mashimo machache ya uchunguzi, kisha wanakadirisha madini ya katikati.

Lakini mambo inategemea vipimo vimetoka wapi. Sisi wa sendika tunabishana juu ya hilo kila mara: hewa yenye kupimwa ku mulango wa shimo peke haisemi kitu juu ya hewa ya kule mbele, penye watu wanapiga mawe.

Ku uzee wake Humboldt alisukuma serikali za Urusi na Uingereza ziweke vituo vya kupima usumaku wa dunia, mbali mbali, na zikakubali. Alikufa Berlin, tarehe 6 Mei 1859, na miaka 89. Makuta ya urisi ilikuwa imekwisha zamani, mu safari na mu vitabu.