Sam Ntiro: Balozi aliyechora wabeba mbege wa Machame

Picha yenyewe ni ndogo. Ni kama sentimita 41 kwa 51, yaani unaweza kuibana kwapani ukapanda nayo daladala bila kumsumbua abiria mwenzako. Ndani yake wanaume wanapeleka mbege kwa bi harusi, usiku. Basi. Hakuna mfalme, hakuna vita, hakuna simba.

Lakini picha hiyo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1956, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lile maarufu kwa jina la MoMA. Ni jumba lenye kazi za Picasso, na lenye ile picha ya Van Gogh ya anga la usiku lenye nyota zinazozunguka. Mchoraji wa wabeba mbege alikuwa mwalimu kutoka Machame, Kilimanjaro. Aliitwa Sam Joseph Ntiro.

Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na mwalimu huyo akapelekwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi mpya.

Watanzania wengi leo wakisikia neno uchoraji, wanawaza Tingatinga. Ni haki yake. Edward Saidi Tingatinga alitengeneza kitu kinachotambulika dunia nzima kwa rangi za kung'aa na vipande vya ubao. Ila alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Ntiro alikuwa ameshachora, amefundisha na ameonyesha kazi zake Ulaya na Marekani. Na wala hakuwa mchora chui. Alichora majirani.

Mtoto wa kihambani

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Machame ya utoto wake ilikuwa ya vihamba: migomba juu, kahawa chini yake, nyumba katikati, ng'ombe wamefungwa zizini kwa sababu mlimani hakuna mahali pa kuwachungia. Majani yao yanakatwa na kubebwa kichwani kutoka bondeni. Maji yanakuja kwa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka mito ya mlimani, na kila ukoo una zamu yake. Mfongo ukibomoka, watu wanatoka pamoja kuuziba. Asiyetoka anajulikana.

Alipokuwa na miaka 10 hivi, mwaka 1933, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule na ikasomesha vijana wengi wa mlimani katika miaka iliyofuata.

Tanganyika wakati huo haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda. Ntiro alifika huko katikati ya miaka ya 1940 na kusomea uchoraji, somo ambalo wazazi wengi hata leo wangeuliza litaleta nini nyumbani.

Mwalimu wake alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1930, akianzia barazani kwake kabla darasa halijawa sehemu ya chuo. Trowell alikuwa na njia yake. Hakupenda kuwawekea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia kisa, pengine watu wakirudi kutoka sokoni mvua ikinyesha, kisha kila mmoja akachora alichokiona kichwani mwake. Waliompinga walisema anawafungia wanafunzi wa Kiafrika nje ya elimu ambayo Wazungu wenyewe wanaipata. Hoja hiyo ina uzito, na inarudi mbele kidogo.

Kwa Ntiro, njia hiyo ilifungua mlango. Alichokuwa nacho kichwani ni Machame. Alimaliza masomo, akabaki Makerere kufundisha.

London haikumbadili

Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, moja ya shule zenye jina kubwa kabisa Uingereza. Hapa ndipo kisa chake kinapokuwa kigumu.

Slade ya wakati huo iliongozwa na William Coldstream, mchoraji aliyejulikana kwa kupima kila kitu kwa jicho: umbali wa kidevu na bega, wa bega na kiwiko, alama kwa alama, mpaka mtu aliyekaa mbele yake atokee kwenye turubai jinsi alivyo. Wanafunzi walikaa saa nyingi wakichora mwili wa mtu aliye hai. Ungetegemea kijana kutoka koloni arudi na picha zenye misuli, vivuli na kina, kuonyesha kwamba ada haikupotea bure.

Ntiro alirudi Makerere mwaka 1955 akachora kama alivyokuwa akichora. Ile ya wabeba mbege ni ya mwaka uliofuata.

Katika picha zake watu ni wengi na ni wadogo. Wamechorwa kwa umbo rahisi, mara nyingi nyuso hazisomeki, miili yao inarudiarudia mkao mmoja kama mdundo wa ngoma. Milima na mashamba yanapanda juu ya turubai badala ya kurudi nyuma kwa mbali. Wanavuna. Wanapasua kuni. Wanaswaga ng'ombe. Wako sokoni. Wako harusini. Mtu mmoja peke yake ni nadra. Kazi kwa Ntiro ni jambo la kundi.

Huhitaji kuwa Mchaga kuielewa. Mtu wa Sumbawanga anayejua Ufipa ya jembe la mkono atajiona humo. Pale uwandani, mvua zinapoelekea kuisha, nyasi hufukiwa ndani ya vichuguu vya udongo vinavyoitwa ntumba, maharage yakapandwa juu, na msimu unaofuata vichuguu vikasambazwa kwa ajili ya ulezi au mahindi, nyasi zikiwa zimeshaoza na kuwa mbolea. Ni kazi ya mgongo kweli kweli. Zamani wenye shamba waliita majirani, na malipo yalikuwa pombe ya ulezi baada ya jua kupinda. Ukitazama safu ya watu wa Ntiro walioinama, badilisha migomba uweke nyasi za Ufipa, na mengine yote yanabaki kama yalivyo.

Hata mbege yenyewe si kinywaji cha kufungua tu. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichache, kisha zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Katika ndoa ya Kichaga mbege ndiyo lugha ya kuombea na ya kukubalia. Kwa hiyo wale wanaume wa usiku hawabebi pombe tu, wamebeba neno la ukoo mmoja kwenda kwa ukoo mwingine. Aliyekulia Machame angelijua hilo bila kuelezwa. Mnunuzi wa New York pengine aliona rangi.

Picha za watu wadogo

Ulaya nako kuchora maisha ya kawaida kuliwahi kudharauliwa. Wasomi wa sanaa wa Ufaransa wa karne ya 17 waliweka ngazi: juu kabisa picha za historia na dini, halafu sura za wakubwa, na chini huko ndiko wakulima, jikoni na vilabu vya pombe vilipowekwa. Hata hivyo karne moja kabla yao Pieter Bruegel, huko ambako leo ni Ubelgiji, alikuwa ameshachora wavunaji wa ngano wakila na kulala chini ya mti, na harusi ya kijijini watu wakigawiwa uji na bia. Picha yake ya wavunaji, ya mwaka 1565, nayo iko New York, kwenye jumba jingine, Metropolitan. Tofauti ni kwamba Bruegel alikuwa mtu wa mjini aliyekwenda kuwatazama wakulima. Ntiro alikuwa anachora kwao.

Wapo waliomwona kama mtu aliyekataa kukua. Msomi mzima wa Slade, walisema, anachora kama hajawahi kukanyaga darasani. Trowell alipoondoka Makerere mwaka 1958, alikuja Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, na Todd alitaka wanafunzi wasome historia ya sanaa ya dunia nzima, nadharia ya rangi, umbo, kila kitu. Upepo ulibadilika. Kizazi kilichofuata cha Makerere kilichora tofauti kabisa, kikijipima na wachoraji wa kisasa wa Ulaya.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Miaka ya 1950 haikuwa ya amani kaskazini mwa Tanganyika. Mwaka 1951 Wameru, majirani wa karibu kabisa, walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Vihamba navyo vilikuwa vinagawanywa baba kwa wana mpaka havigawanyiki. Katika kazi za Ntiro zinazojulikana zaidi huoni ugomvi huo. Unaona watu wakisaidiana.

Je, alikuwa anapamba? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Hakuna kijiji ambacho watu wanavuna kwa mpangilio mzuri namna ile kila siku. Lakini ikumbukwe enzi hizo nani mwingine alikuwa akiwachora Waafrika na kwa ajili gani: postikadi za watalii, picha za maofisa, vitabu vya safari. Mwafrika humo ni mpagazi au ni pambo la mandhari. Ntiro aliwaweka watu hao katikati ya turubai wakifanya shughuli zao wenyewe, bila mtu wa nje kuwasimamia.

Na hakutegemea brashi peke yake. Mwaka 1953, akiwa bado mwanafunzi London, kilitoka kitabu chake kidogo cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Yaani alikuwa anafanya kazi ile ile kwa njia mbili, akiandika namna watu wanavyoishi na akiichora.

Nyumbani na ubalozini

Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha, Mnyoro wa Hoima, Uganda. Huyu mama anastahili makala yake. Alisoma Oxford na kuhitimu mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Akifundisha Uganda aligundua kuwa analipwa kidogo kuliko wanaume wenye elimu kama yake. Akasema basi, bora afundishe bila mshahara kuliko kupokea ule wa kumpunja. Wakubwa wakaona aibu, mshahara ukarekebishwa. Baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Alifariki mwaka 2018.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, wasomi wa Tanganyika walikuwa wachache mno na serikali mpya ilihitaji kila mmoja. Mchoraji akavaa suti. Alikuwa London mpaka 1964, miaka mitatu iliyobeba uhuru, jamhuri, maasi ya jeshi ya Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano. Balozi wa nchi hiyo hakuwa na muda mwingi wa kukaa na turubai.

Aliporudi aliwekwa kwenye utamaduni, akawa kamishna wa utamaduni serikalini. Kisha akarudi kwenye kazi aliyoianza ujanani, ya ualimu, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nchi ikiwa sasa na chuo chake. Dar hiyo ya miaka ya 1970 ilikuwa na vinyago vya Wamakonde vinavyouzwa nje kwa makontena na vijana wa Tingatinga wakipaka rangi chini ya miti ya Oysterbay. Wote walijua wateja wao ni wageni. Ntiro aliendelea na vijiji vyake.

Cheo hakikubadili anachokiona kuwa kinafaa kuchorwa. Mtu aliyesimama mbele ya wakubwa wa Uingereza kwa niaba ya nchi nzima hakujulikana kwa sura za wakubwa hao, bali kwa wabeba pombe na wapasua kuni.

Sam Ntiro alifariki mwaka 1993, akiwa na umri wa karibu miaka 70. Kazi zake zimetawanyika, nyingine zikiwa Marekani na Ulaya. Wabeba mbege bado wako MoMA. Ukiandika jina lake kwenye tovuti ya jumba hilo, picha inakuja kwenye simu, ikiwa ndogo zaidi kuliko ilivyo.