Moïse Tshombe: Kiongozi wa Katanga ambaye moyo wake ulisimama ugenini

Wakazi wa Lubumbashi wanalijua vyema jina la Moïse Tshombe, mtu aliyetangaza uhuru wa Katanga Julai 11, 1960, mji huo ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Kifo chake hakizungumzwi sana.

Alizaliwa Novemba 10, 1919 katika familia tajiri ya Walunda yenye uhusiano na ukoo wa Mwata Yamvo. Alisoma kwa wamisionari wa Kimethodisti, akafanya biashara, kisha akaongoza chama cha Conakat.

Utawala wake Katanga ulitegemea fedha za madini, Wabelgiji na mamluki. Patrice Lumumba aliuawa huko Januari 17, 1961, doa ambalo Tshombe hakulifuta kamwe. Umoja wa Mataifa ulipoumaliza utengano huo Januari 1963, alikwenda uhamishoni. Mwaka 1964 aliitwa kuwa waziri mkuu wa Kongo, lakini Oktoba 1965 Rais Joseph Kasa-Vubu alimwondoa. Machi 1967, chini ya Mobutu, alihukumiwa kifo akiwa hayupo.

Juni 30, 1967 ndege aliyopanda Uhispania ilitekwa na kupelekwa Algeria. Kinshasa ilimtaka, Algeria haikumtoa wala kumwachilia. Alifariki kizuizini Juni 29, 1969, akiwa na miaka 49. Serikali ya Algeria ilitangaza kuwa moyo wake ulishindwa kufanya kazi akiwa usingizini. Wengi walitilia shaka.

Siku mbili kabla ya Katanga kujitenga, Julai 9, 1960, watafiti wa Baltimore, Marekani, walichapisha njia ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama: kukandamiza kifua kwa mikono mitupu ili damu iendelee kuzunguka. Njia hiyo inahitaji mtu aliye karibu, kwani ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Anayezimia usiku bila wa kumwona huikosa nafasi hiyo.

Ushauri wa sasa ni huu: mtu akianguka, hana fahamu na hapumui kawaida, mmoja aite msaada na kutafuta gari, mwingine akandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri daktari.

Tshombe alizikwa Ubelgiji, mbali na Katanga. Mjini Lubumbashi imebaki sanamu yake.