Dk. Christie: Tabibu aliyefuata njia ya kipindupindu pwani

BAGAMOYO na jirani yake Kaole hutajwa zaidi kwa magofu, pembe za ndovu na biashara ya utumwa. Ni nadra kukumbukwa kuwa mwaka 1869 na 1870 njia zile zile za misafara zilibeba kipindupindu, kilichoua maelfu ya watu katika mwambao na visiwa vyake.

Aliyeacha habari za kina kuhusu msiba huo ni Dk. James Christie, tabibu kutoka Scotland, aliyefika Unguja mwaka 1865 na misheni ya Kianglikana ya UMCA, na baadaye akawa daktari wa Sultani.

Kipindupindu kiliingia mjini Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Christie hakuwa na dawa ya kukizuia, wala hakuna tabibu aliyekuwa nayo popote duniani. Robert Koch wa Ujerumani alikuja kutangaza kijidudu chake mwaka 1884. Watumwa na maskini, walioishi kwa msongamano na kunywa maji ya visima vichafu, ndio walioathirika zaidi.

Akiwa hana uwezo wa kuponya, Christie aliamua kuuliza. Aliwahoji wafanyabiashara, viongozi wa misafara na manahodha, akalinganisha tarehe na vituo vyao hadi njia ya ugonjwa ikaonekana.

Ingedhaniwa kuwa maradhi hayo yaliletwa na majahazi kutoka Uarabuni. Christie alibaini kuwa yalipita bara: kutoka Makka, yalikozuka mwaka 1865, yakavuka kwenda Ethiopia, yakateremka hadi nchi ya Wamasai, kisha yakaingia Pangani na misafara ya wafanyabiashara. Kutoka Pangani yakavuka hadi Unguja.

Baadaye yalienea Kilwa na Komoro. Yalirudi bara kupitia Bagamoyo, walikokusanyika wapagazi, hadi Ujiji na Manyema alikokuwa David Livingstone. Baadhi ya wapagazi waliompelekea mahitaji walifia njiani.

Mwaka 1870 homa nyingine ya ghafla, yenye maumivu makali ya viungo, ilizuka Unguja. Wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kuiona takriban nusu karne kabla. Christie aliiandikia katika jarida la British Medical Journal mwaka 1872. Jina hilo lilisikika tena Dar es Salaam, kama kidingapopo, homa ya dengue ilipolipuka mwaka 2014 na 2019.

Kitabu chake kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1821 hadi 1872 kilichapishwa London mwaka 1876.

Agosti 2015 ugonjwa huo ulizuka Dar es Salaam na kuenea mikoani. Mgonjwa alitoka wapi, alikutana na nani na alikunywa maji gani, ni maswali ambayo maofisa wa afya huanza nayo hadi leo.