Mwenyeheri Anuarite, mwalimu wa watoto

Kila tarehe 1 Desemba tunamkumbuka Anuarite, lakini watoto wetu wengi hawajui maisha yake.

Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Mama yake alizaa wasichana watupu, na kwa sababu hiyo mumewe alimfukuza akaoa mwingine. Tangu utoto Anuarite aliona uchungu wa nyumba ambamo mtoto wa kike anahesabiwa kuwa hasara.

Alisoma kwa masista. Alipotaka kuwa mtawa, alipanda lori la kwenda Bafwabaka bila mama yake kujua. Mwaka 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi. Pia alipika na kutunza sakristia.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista kwenye lori hadi Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu. Anuarite alikataa. Alipopigwa, alimwambia kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui atendalo. Akachomwa visu, kisha Olombe akampiga risasi. Hakuwa ametimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Ndugu, tusikosee hapa. Msichana aliyenajisiwa akabaki hai hana kosa lolote, na heshima yake mbele ya Mungu haikupungua. Kosa ni la aliyemtendea. Na kusamehe si kuficha: anayemaliza jambo kama hilo kwa mbuzi na pombe kati ya familia mbili anamlinda mkosaji. Burundi ina sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia tangu mwaka 2016. Mpelekeni mtoto hospitali upesi, kisha polisi.

Nchini humu karo ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2005. Basi wazazi, binti asibaki nyumbani kuchota maji wakati kaka yake yuko darasani. Anuarite alikuwa mwalimu, naye asingefurahi kuona dawati lile tupu.

Mwenyeheri Anuarite, utuombee.