Søren Sørensen, mtu aliyepatia uchachu wa maji kipimo

Søren Sørensen, mtoto wa mkulima, alizaliwa mwaka wa 1868 huko Havrebjerg, katika inchi ya Denmark. Alianza masomo ya udaktari mjini Copenhagen, kisha akayaacha na kushika kemia. Mwaka wa 1901 alipewa kuongoza kazi za kemia katika maabara ya Carlsberg, kampuni ya bia.

Hapo swali moja lilimsumbua. Vimeng'enya hufanya kazi au huzimika kufuatana na uchachu wa maji yanayovizunguka. Lakini wanakemia walizoea kuhesabu asidi yote iliyotiwa, wakati siki na asidi ya tumboni, hata zikitiwa kwa kiasi sawa, hazina nguvu sawa. Sørensen aliona kwamba kinachofaa kupimwa ni ayoni za haidrojeni zilizo huru ndani ya maji.

Ila hesabu zake zilichosha macho: lita moja ya maji yasiyo machachu wala ya magadi ina karibu gramu 0,0000001 tu ya ayoni hizo. Mwaka wa 1909 alihesabu zile sufuri, akaandika 7, na kipimo akakiita pH. Chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni magadi. Kila hatua ni mara 10, na wengi husahau hilo: maji ya 5 yanapita ya 7 kwa uchachu mara 100.

Mke wake Margrethe alifanya utafiti pamoja naye. Sørensen alifariki mwaka wa 1939, bila Tuzo ya Nobel.